Shingo ya Mnadi na Fahali Aitwaye Waziri

Hapo zamani, na wala si zamani ile ya fisi kuoa binti wa mfalme, ni zamani hii ya juzi, simu zimeshaingia na umeme unakatika kama kawaida, palikuwa na mnadi wa mifugo katika mji mdogo wa Kisaunda, kule kwenye ng'ombe wengi na mvua chache. Jina lake Kitundu. Kitundu alikuwa na sauti. Sijasema alikuwa na akili, nimesema sauti. Kila Jumatano alipanda juu ya jiwe la mnada, akashika fimbo yake, akafungua kinywa, na mbuzi kilema akanunuliwa kama mbuzi mzima, na mnunuzi akaondoka akishukuru.

Jiwe lile lilikuwa na sheria mbili. Sheria ya kwanza: neno likisemwa juu yake mara tatu, na fimbo ikagonga mara tatu, limepita, halirudi. Mtu mmoja aliwahi kuuza ng'ombe wa mahari ya mwanawe kwa makosa. Alilia mpaka jioni, na ng'ombe akaenda. Sheria ya pili: ukimpa mtu kitu chako juu ya jiwe, unampa pamoja na kinyongo chako. Huwezi kumpa mtu mbuzi hapo juu halafu ukaendelea kumnunia huko chini.

Sasa tuje kwenye shingo.

Kitundu alipofika miaka hamsini na miwili, akaota kitu chini ya taya la kushoto. Mwezi wa kwanza kilikuwa kama punje ya mahindi. Mkewe Elinaza akauliza, "Baba Shila, hiki nini?" Akajibu, "Mshipa wa kunadi." Mwezi wa tatu kikawa kama yai la njiwa. "Baba Shila, na hiki?" Akajibu, "Jino." Mwezi wa tano kikawa kama yai la kanga. "Baba Shila!" Akajibu, "Mama Shila, wewe umeolewa na mimi au na shingo?"

Uvimbe wenyewe ulikuwa hauumi, na hapo ndipo palipokuwa na hila yake. Mwanamume wa Kisaunda haendi hospitali kwa kitu kisichouma. Kikiuma, anasubiri kiache. Kitundu alikunywa mizizi ya muuza dawa wa sokoni, akaharisha siku mbili, akatangaza kwamba anajisikia mwepesi. Kola ya shati akaiacha wazi, kisha akaanza kuvaa skafu katikati ya jua la Oktoba. Akanadi. Uvimbe ukakaa. Akanadi tena. Uvimbe ukakaa.

Alipokwenda kunyoa kwa Dofa, mambo yakaharibika.

Dofa alikuwa kinyozi hodari na mbeya hodari zaidi. Alimnyoa Kitundu upande wa kulia, kutoka paji la uso mpaka kisogoni, paking'aa. Akageuza kiti. Mkono wake ukashuka shingoni upande wa kushoto, ukasimama.

"Mzee Kitundu, hiki kitu kina muda gani?"

"Nyoa, bwana wee."

"Baba yangu mdogo alikuwa nacho. Hivi hivi, kigumu hivi hivi, hakiumi hivi hivi. Tulimzika."

"Nyoa!"

Dofa akazima mashine. Akakunja kitambaa. Akasema, "Upande huu nitaunyoa siku utakayoniletea karatasi ya daktari." Kitundu akatukana, akaomba, akabembeleza. Kinyozi akafagia nywele sakafuni. Na mji mzima ulikuwa na kinyozi mmoja tu.

Basi Jumatano ile mnadi akapanda jiweni na nusu kichwa. Kofia hakuwa nayo, kwa sababu Dofa alikuwa ameshapita kila duka kuwaomba wasimuuzie. Watu hawakununua mbuzi siku hiyo, walikuja kutazama. Wachunga ng'ombe walicheka wakashika matumbo. Kitundu akanadi beberu, mtu mmoja akauliza, "Anauzwa mzima au nusu?" Alhamisi asubuhi mnadi alikuwa kwenye foleni ya hospitali ya mkoa.

Daktari akamchoma sindano shingoni, akavuta majimaji, baadaye akakata kinyama kidogo. Kinyama kikapelekwa maabara. Majibu yakarudi, daktari akamkalisha, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake Kitundu alimsikiliza mtu mpaka mwisho.

Ilikuwa saratani. Lakini saratani hiyo, daktari alisema, haikuanzia shingoni. Shingoni imehamia tu. Ilikoanzia hawajui. Walimulika pua, wakamulika ulimi, wakaingiza mpira wenye taa kooni, hawakuona kitu.

"Tusipojua nyumbani kwake," daktari akasema, "itabidi tukuchome mionzi koo lote, kuanzia nyuma ya pua mpaka kwenye kisanduku cha sauti. Huenda ukapona. Sauti siwezi kukuahidi."

Kitundu akarudi Kisaunda. Njia nzima hakusema neno, na waliokaa karibu naye walidhani amekufa ameketi. Kufa aliogopa, nani haogopi? Lakini kuishi bila sauti aliogopa zaidi. Mnadi bubu ni nani? Ni mzee mwenye fimbo tu.

Jumatano akapanda jiweni, akasema: "Nina fahali wangu Waziri. Mnamjua." Wote walimjua. Aliitwa Waziri kwa sababu alikula sana, alitembea taratibu, na kila alipopita watu walimpisha, ingawa ndama wake walikuwa wazuri mno. "Atakayenifanya nirudi juu ya jiwe hili nikiwa hai, na sauti yangu kinywani, Waziri ni wake. Mara ya kwanza! Mara ya pili! Mara ya tatu!" Fimbo ikagonga. Ikapita.

Huko maabara alikuwapo binti mmoja, Nakembetwa, mwenye miwani minene na ubishi mnene kuliko miwani. Ndiye aliyekitazama kile kinyama kwa darubini. Kila mtu alisema kazi imekwisha, mgonjwa asubiri mionzi. Nakembetwa akasema haijakwisha. Kipande cha nyama kilikuwa kimebaki, kimegandishwa kwenye nta, naye akataka kipimwe virusi. Kipimo chenyewe hospitali yao haikuwa nacho. Akamsumbua daktari mpaka akasaini, akakifunga kile kipande, akapanda basi siku yake ya mapumziko, akakipeleka mwenyewe kwenye hospitali kubwa ya kanda.

Kabla ya kuondoka alimwita Kitundu amweleze. Kitundu akafoka. "Virusi! Mmeniambia saratani, sasa mnaniambia virusi. Kesho mtaniambia nina mimba!"

"Baba," Nakembetwa akasema, "ng'ombe aliyepotea akionekana kwenye boma la mtu, mnajuaje ametoka zizi gani?"

"Kwa chapa. Hata mtoto anajua."

"Basi. Hizi chembe za shingoni ni ng'ombe waliopotea. Kwa sura zinafanana, siwezi kujua zimetoka wapi. Lakini kuna kirusi ambacho kikisababisha saratani, mara nyingi inaanzia nyuma ya pua. Kuna kingine, mara nyingi inaanzia kwenye mafindo ya koo, hizo tonsesi, au kwenye shina la ulimi. Nikikikuta kimojawapo ndani ya chembe zako, nimeona chapa. Daktari atajua zizi la kwenda kutafuta."

Kwa mambo ya chapa mnadi hakuwa na la kubisha.

Baada ya wiki tatu majibu yakaja. Nakembetwa aliyasoma akaruka. Kwake yalikuwa furaha tupu: zizi limejulikana! Akatoka mbio, akamwona Kitundu mwisho wa korido, kwenye foleni ya watu arobaini, akapaza sauti kwa furaha yote aliyokuwa nayo:

"Baba Kitundu! Kirusi tumekipata! Ni chanya! Chanya!"

Jamani. Katika nchi hii, mbele ya watu arobaini, na neno hilo.

Foleni ikasogea mbali naye. Nakembetwa akajishika mdomo, lakini mtama ulikuwa umeshamwagika na kuku walikuwa wengi. Majibu yalitoka saa tano. Saa saba yalikuwa yameshafika Kisaunda, kabla ya mwenyewe. Mwenye kilabu akakiweka pembeni kikombe cha Kitundu. Mchinjaji akaanza kumsalimia kwa kupunga mkono. Wanawake watatu wakaenda kupima kimyakimya, na mmoja wao Kitundu hakumjua hata jina.

Nakembetwa alikuwa amemvuta pembeni akamweleza, akiomba radhi kila baada ya sentensi mbili: si kirusi kile wanachodhani, ni kirusi cha papiloma. Kitundu akazidi kuchanganyikiwa. "Papiloma? Si ndicho wanachochanjiwa mabinti shuleni, cha mlango wa kizazi? Mimi nina kizazi?"

"Una koo, baba. Hukaa huko pia."

"Kiliingiaje?"

Nakembetwa akatazama viatu vyake. "Kwa mambo ya... ya watu wazima. Na mdomo."

Kitundu akaelewa, akatamani sakafu ifunguke. Daktari alimpa siku ya kurudi, watoe mafindo wayakague. Hakwenda. Akapewa siku nyingine. Hakwenda. Akisema ni saratani, watauliza imetoka wapi. Akieleza imetoka wapi, mama yake mzazi atasikia, mchungaji atasikia, na Dofa atasikia. Bora afe na siri yake, alijiambia. Mchana alishinda nyuma ya josho la ng'ombe, mahali ambapo harufu ilizuia wageni.

Elinaza akamfuata hukohuko. "Baba Shila, ni nani?"

"Nani nani?"

"Huyo uliyekipata kwake."

"Sina mtu, Mama Shila. Naapa."

"Na mimi je, ninacho?"

Elinaza hakulia. Alikwenda hospitali peke yake, akamtafuta yule binti wa miwani.

"Siwezi kukuambia habari za mumeo, mama," Nakembetwa akasema.

"Za mume wangu mji mzima umeshaniambia. Niambie za kirusi."

Akaambiwa. Kwamba si kile mji unachodhani, kinaitwa papiloma. Kwamba watu wazima wengi hukutana nacho, mwili hukitupa wenyewe bila mtu kujua. Kwamba kwa wachache hubaki, kikalala miaka ishirini, thelathini, ndipo kikaleta balaa. Kwamba hakuna kipimo duniani cha kusema nani alimpa nani. Na kwamba saratani ya koo yenye chapa hii husikia dawa vizuri, ikiwahiwa.

"Ikiwahiwa," Elinaza akarudia.

Jumatano iliyofuata jiwe halikuwa na mnadi. Watu walikuwa wamekaa wakiuziana mbuzi kwa kunong'ona. Elinaza akapita katikati yao, akapanda. Mwanamke hakuwahi kukanyaga jiwe lile, lakini hapakuwa na aliyewahi kukataza, kwa sababu hakuna aliyewahi kudhani. Mama mkwe wake alikuwapo, anauza samli. Mchungaji alikuwapo, anatafuta kondoo, wale wa miguu minne.

"Mume wangu hana hicho mnachosema," Elinaza akaanza. "Ana saratani ya koo. Imeletwa na kirusi kiitwacho papiloma. Kinapita wapi? Kinapita chumbani, wakati taa imezimwa, mnapofanya yale ambayo mkiulizwa mnasema hamfanyi. Mnanitazama nini? Watoto wenu mliwaokota?"

Mtu mmoja akacheka. Akamgeukia.

"Kabla ya Kitundu nilikuwa na mume, marehemu Gunda, dereva wa lori. Lori lile lililala miji mingi, na Gunda hakulala ndani ya lori. Huenda kirusi kilitoka kwake, kikapita kwangu, kikamfika huyu. Huenda Kitundu alikuja nacho mwenyewe, maana ujana wake ninyi mnaujua kuliko mimi. Daktari hajui. Mimi sijui. Na wewe unayecheka hujui ulichobeba. Mara ya kwanza, mume wangu mgonjwa! Mara ya pili, ugonjwa wake una tiba! Mara ya tatu, kesho nampeleka, na mwenye swali aje aniulize mimi!"

Akagonga kwa kisigino, fimbo hakuwa nayo. Mama mkwe akafunga samli yake akaondoka bila kumtazama. Kisha bibi mmoja mnunuzi wa kuku akainua mkono: "Mwanangu, hiyo chanjo, na wajukuu wa kiume wanapewa?"

Nyuma ya josho, Kitundu alisikia yote. Alisikia aibu ikimpanda mpaka masikioni, alimkasirikia mkewe kuliko alivyowahi kumkasirikia mtu, na hapohapo akajikuta analia kwa sababu hakuwa tena na kitu cha kuficha. Mficha uchi hazai, husema watu. Yeye uchi wake ulikuwa umeshanadiwa.

Akaenda. Findo la kushoto likatolewa, na ndani yake, mahali ambapo taa haikuona, wakakuta kidonda kidogo kama punje ya mtama. Zizi lilikuwa lilelile lililosemwa na chapa. Akapelekwa mjini, akapigwa mionzi findoni na shingoni tu, wiki saba, pamoja na dawa za saratani zilizomtapisha mpaka matumbo na ukoo. Kisanduku cha sauti kikaachwa salama. Akakonda, chakula kikawa hakina ladha, mate yakapungua. Lakini uvimbe ukaondoka. Na baada ya miezi minane daktari akasema, "Nenda kanadi."

Jumatano aliyorudi, Kisaunda nzima ilikuwa mnadani. Waziri amefungwa kando ya jiwe, anatafuna, hana habari. Kitundu akapanda na chupa yake ya maji, akapiga mbiu. Sauti ilikuwa na mkwaruzo kidogo, lakini ilifika mpaka joshoni. Watu wakapiga vigelegele. Kisha wakamgeukia Waziri, kwa sababu nadhiri ilikuwa inadai.

Dofa akatoka wa kwanza. "Mimi namtaka fahali, sioni haya. Miezi mitano mlimwona na uvimbe, mkewe alimwona, nani alimpeleka? Nusu kichwa ndiyo iliyompeleka! Nisingezima mashine, leo tungekuwa tunakula pilau la arobaini yake."

"Na ulicheka," mtu akasema. "Na ulizuia watu wasimuuzie kofia."

"Nilicheka. Angefika hospitali kwa kuchekwa au angefika kaburini kwa kuheshimiwa. Kitundu achague."

Nakembetwa akatoka wa pili. "Mimi mtumishi wa umma, fahali simchukui. Akinipa, nitamwachia zahanati yenu. Nataka kauli. Nataka isemwe juu ya jiwe hili kwamba ni kipimo kilichoonyesha zizi, ili mwenye uvimbe shingoni kesho asikitoroke. Dofa alimfikisha mlangoni, ndiyo. Lakini mlangoni wangemchoma koo zima, na leo angekuwa anawanadia kwa kupiga makofi."

"Na ulimtangaza mbele ya watu arobaini!" Dofa akasema.

Nakembetwa akainamisha kichwa. "Nilimtangaza. Kosa langu nalijua. Lakini ningekaa nyumbani siku ile ya mapumziko, pasingekuwa na cha kutangaza."

Elinaza akatoka wa mwisho, hata jiwe hakulisogelea. "Waziri namkatia majani mimi kila siku, mkinipa mmenipa mzigo wangu. Lakini tangu siku ile mama mkwe hajala chakula changu. Kanisani naketi benchi peke yangu. Dofa alimpeleka, binti akamwonyesha njia, naye Kitundu akakimbia akajificha nyuma ya josho. Ni nani aliyemtoa? Niliuvaa uchafu ambao labda si wangu, ili yeye apate kutembea. Mume wangu akinitaja mimi, mji utajua nilifanya heshima. Asiponitaja, mji utajua nilikuwa mwanamke asiye na haya."

"Na hukuniuliza," Kitundu akasema kutoka juu. Yalimtoka kabla hajayazuia.

"Sikukuuliza," mkewe akajibu. "Ungekataa."

Basi Kitundu akasimama. Akawatazama watatu hawa, na kila mmoja alikuwa na deni lake moyoni mwa mnadi. Huyu alimfanya kichekesho. Huyu alimtangaza. Huyu aliwafungulia watu mlango wa chumba chake. Na kila mmoja, kwa kosa lilelile, alikuwa amemvuta kutoka shimoni. Jiwe halijui kugawa fahali mmoja mara tatu. Atakayetajwa atapewa Waziri na atasamehewa palepale, kinyongo kimekwisha. Wawili watakaobaki watarudi nyumbani na kazi njema isiyo na jina na kosa lisilo na msamaha, na mmoja kati yao anaweza kuwa yule anayelala naye kitanda kimoja.

Mnadi akanywa maji. Akainua fimbo. Watu elfu wakashika pumzi, isipokuwa Waziri.

Haya, ninyi mliokaa hapo mkitafuna mihogo yangu, mkono wa mtu aliyetoka kuugua huchoka haraka. Semeni kabla haujashuka: kati ya aliyeuchekesha mji, aliyepaza sauti na aliyefungua mlango wa chumba, je, nani alistahili kutajwa?